Jinsi ya kufuga mmea unaokula wadudu kwenye kopo, kwa sie wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kamwene wana Iringa na Njombe, ugonile wana Rungwe, na wengine wote wa huku juu kwenye baridi habari zenu. Ukimwambia mtu kuna mmea unakula wadudu akili inaenda moja kwa moja kwenye ule wa kwenye katuni, wenye majani yenye meno yanayomfungia nzi, ule asili yake ni majimbo ya Carolina kule Marekani na kuupata hapa ni shughuli pevu. Ila kuna mwingine tunao hapahapa, kwenye mabonde, mitaro na majaruba ya mpunga, watu wanaukanyaga wakienda vinyunguni (mashamba ya bondeni) na hawana habari. Jina lake la kitaalamu ni Utricularia, na kwa kuwa mtego wake ni kifuko basi humu ntauita mmea wa vifuko. Aina zake zinapita 200 duniani, ni kati ya jenasi (kundi la aina zenye undugu wa karibu) kubwa kabisa za mimea inayokula nyama, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba usipoinama huzioni.

Hali ya hewa yetu inaupenda sana. Mchana jua lipo, usiku ubaridi, masika unyevu hadi ukutani. Kinachoua ni kitu kimoja tu, huduma nzuri kupita kiasi. Sie watu wa mahindi na viazi mkono unawasha, tukiona kitu kimepauka tunawaza urea, tukiona kimedumaa tunawaza samadi ya kuku. Kwa huu mmea weka hiyo tabia pembeni kabisa, na sababu yake utaiona ukishaelewa mtego unavyofanya kazi.

Mtego wenyewe

Huu mmea hauna mizizi. Hauna kabisa, hata mmoja. Una vinyuzi vyembamba vinavyotambaa ndani ya udongo mbichi au vinavyoelea kwenye maji, na kwenye hivyo vinyuzi ndo vimening'inia vifuko, vingi vina milimita moja au mbili hivi, vichache vya aina kubwa vinafika hata sentimita. Kila kifuko kina kamlango kanakofunguka kwa ndani na pembeni ya mlango kuna vijinywele. Sasa kifuko muda wote kinasukuma maji nje kupitia kuta zake mpaka kinabonyea ubavuni, ndani presha inakuwa ndogo kuliko nje, ni kama ukiminya kile kimpira cha dawa ya macho halafu ukaziba mdomo wake. Kidudu cha majini kikipita kikagusa kinywele, mlango unaachia, kuta zinarudi kwa nguvu, maji yanavutwa ndani na kidudu humohumo, afu mlango unafunga. Kule kuvutwa ndani kunachukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, jicho la binadamu haliwezi kuona chochote, wewe utaona tu kidudu kilikuwepo na sasa hakipo. Mwanasayansi Charles Darwin mwenyewe mwaka 1875 alidhani wadudu wanajisukuma wenyewe kuingia, hakujua kama kifuko kinavuta. Baada ya hapo vimeng'enya vinammeng'enya mgeni, kifuko kinaanza tena kusukuma maji nje na ndani ya robo saa mpaka nusu saa kinakuwa tayari kwa mwingine.

Unafanya hivyo kwa sababu unaishi kwenye maji na udongo usio na naitrojeni wala fosforasi ya maana, kwahiyo unazichukua kwa wanyama. Ukiuletea mbolea mambo mawili yanatokea, wenyewe unapunguza kutengeneza vifuko maana hauna shida navyo tena, na jirani zake yaani mwani, majani na kuvu mwamba (ule ukoga mzito wa kijani) wanapata chakula na kuufunika. Hapo ndo mtu anasema mmea ulikufa ghafla, kumbe umezikwa.

Uanze na upi

Kuna wa udongoni na kuna wa majini, chagua kulingana na nafasi na uvumilivu wako.

Wa udongoni mi nakushauri Utricularia livida. Unaota Afrika sehemu kubwa, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, upo Madagaska na eti hata Meksiko upo. Majani yake ni madogo madogo yamelala juu ya udongo, ukitazama haraka unaweza sema ni ukoga tu, afu siku moja vinachomoza vijiti vyembamba kama uzi na maua ya zambarau hafifu au meupe yenye alama ya njano katikati. Ukishaanza kutoa maua haupumziki kirahisi. Ndugu yake anayependwa sana na wafugaji wa nje ni Utricularia sandersonii wa Afrika Kusini, ua lake limekaa kama sungura mwenye masikio, kweli kabisa, ila huyo hutampata bondeni kwetu, ni wa kuagiza.

Wa majini anza na Utricularia gibba. Ni uchafu wa kijani uliosokotana, maua ya njano madogo, unavumilia karibu kila kitu. Wanasayansi walisoma vinasaba vyake mwaka 2013 wakakuta jenomu yake, yaani vinasaba vyote kwa pamoja, ni ndogo ajabu, kama milioni 82 za herufi wakati ya binadamu inazidi bilioni 3, na bado ina maelfu ya jeni kama mimea mingine. Wapo pia wakubwa wa majini, Utricularia stellaris na Utricularia inflexa, hawa utawajua kwa maboya yao, chini ya ua kuna vitu vilivyovimba vimejipanga mduara vinaelea juu ya maji. Wanapendeza kuliko gibba lakini wanataka chombo kikubwa na maji yaliyotulia, wakichukia kitu wanayeyuka ndani ya wiki. Usianze nao.

Kuupata

Kwanza kabisa, Kitulo usiguse. Najua watu wa Makete mko jirani na pale ni Bustani ya Mungu, lakini ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na ilitengwa kwa ajili ya mimea hasa, ukikutwa unang'oa kitu huko utajieleza kwa wahusika. Hata nje ya hifadhi chukua kidogo na kwa ruhusa ya mwenye eneo, mzee akikuuliza unataka nini kwenye bonde lake mwambie ukweli, atacheka lakini atakuruhusu.

Sehemu za kutafuta za udongoni ni pale maji yanapovuja taratibu kwenye mwinuko, nyasi ni fupi, udongo ni mchanga mweusi au mwamba wenye ukoga, na hapajalimwa. Nenda mwishoni mwa masika, mwezi wa tatu mpaka wa sita, kwa sababu nje ya msimu wa maua hutauona hata ukiukalia. Dalili nzuri ni kale kammea kengine kenye majani mekundu yenye matone ya gundi, Drosera, hako nako kanakula wadudu na kanapenda sehemu zilezile, ukikaona piga goti uanze kukagua. Kata kipande cha udongo wake saizi ya kiberiti, kinatosha, weka kwenye kopo la siagi lenye mfuniko na maji kidogo. Hamna haja ya kubeba ndoo.

Wa majini utafute kwenye mabwawa madogo, mitaro iliyotulia na pembeni ya majaruba kule Usangu na Kyela. Kwenye majaruba angalia sana maana watu wanapiga dawa na mbolea, chukua upande ambao maji hayajapita shambani. Ukifika nyumbani suuza kwenye beseni jeupe mara kadhaa, toa konokono, toa nyuzi za mwani kwa mkono, angalia na viluwiluwi vya mbu. Vifuko utaviona humohumo kwenye beseni, vile vyeusi tii ni vilivyokwisha kula.

Ukitaka kuagiza mbegu nje kumbuka mimea na mbegu vinahitaji kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, fuatilia kabla hujalipa. Na kwenye masoko ya mtandaoni mbegu za mimea inayokula wadudu zina utapeli mwingi, mtu anakuuzia mbegu za nyanya pori na picha ya kuvutia.

Maji, hapa ndo penyewe

Ningeambiwa niandike aya moja tu ningeandika hii. Tumia maji ya mvua. Bomba usiweke, kisima usiweke, maji ya chupa ya kunywa pia hapana kwa sababu yana madini. Kuchemsha hakusaidii, kunaua vijidudu ila chumvi inabaki palepale na maji yakipungua inazidi kukolea. Shida ni kwamba mmea unakaa kwenye maji muda wote, kila siku maji yanapanda hewani na chumvi inabaki kwenye kopo, kwahiyo hata maji yenye chumvi kidogo baada ya miezi yanakuwa supu.

Sasa sie mvua zinakata mwezi wa tano hivi na kurudi ni Novemba, watu wa Tukuyu mna bahati yenu nyie mvua inawafuata hadi kiangazi, lakini Mbeya mjini, Iringa na Mbarali lazima ujiwekee akiba. Acha mvua ya kwanza ioshe bati maana ina vumbi na masizi ya miezi yote ya kiangazi, kinga kuanzia mvua inayofuata, weka kwenye madumu ya plastiki yenye mfuniko na uyaweke gizani yasiote mwani. Trei moja ndogo ya saizi ya daftari kubwa inakula kama robo lita kwa siku kwenye jua la kiangazi, kwahiyo madumu mawili matatu ya lita 20 yanakufikisha Novemba. Simtanki ni safi zaidi ukiwa nalo. Tanki la kujenga kwa simenti, hasa jipya, liache, linatoa chokaa ndani ya maji.

Ukiishiwa kuna maji ya betri yaliyochujwa madini, yanapatikana kwenye maduka ya spea, lakini soma chupa vizuri sana kwa sababu asidi ya betri inauzwa hapohapo pembeni kwenye chupa ya kufanana, ile ni hatari kwako kabla hata ya mmea. Ukiwa mtu wa vipimo nunua kale kapima TDS, kanakopima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, maji yakisoma chini ya 50 (ppm) ni mazuri, 50 mpaka 100 utaishi nayo kama unasuuza kopo kwa maji ya mvua mara kwa mara, zaidi ya hapo mwagilia mchicha. Chemchemi nyingine za milimani huku zinasoma chini kabisa, kwahiyo pima kabla ya kukata tamaa.

Udongo na kupanda

Mchanganyiko ni pitimosi (ukoga wa mabondeni uliooza nusu, wa kupandia miche) sehemu moja na mchanga sehemu moja, kwa ujazo, basi. Pitimosi maduka ya pembejeo yanayo kwa ajili ya vitalu, ila magunia mengine yametiwa mbolea kiwandani ili miche ikue haraka, soma gunia, kama kuna namba za NPK rudisha. Kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) inaweza kusaidia lakini ina chumvi, lazima uiloweke na kuikamua mara nyingi kwa maji ya mvua, mi naona kama pitimosi ipo usijisumbue. Mchanga uwe wa mto, mkali, sio wa vumbi, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Dondoshea siki kwenye kijiko cha mchanga mkavu, ukitoa povu una chokaa, utupe. Mtu atasema udongo mweusi wa kinyungu si ndo wenyewe, hapana ndugu yangu, ule umelimwa na umekula samadi miaka yote.

Pitimosi kavu inakataa maji, inaelea tu, loweka kwa maji ya vuguvugu usiku kucha na uikande kwa mkono. Chombo kiwe cha plastiki, kopo la siagi au chupa ya maji iliyokatwa, kina cha sentimita 8 mpaka 12, toboa matundu chini. Vyungu vya udongo vinatoa chumvi, viache kwa ajili ya mapambo mengine. Jaza mchanganyiko, fukua kashimo katikati, weka kale kaudongo kako ka saizi ya kiberiti, shindilia kidogo kwa kidole, umemaliza. Mbegu kama unazo zinyunyize juu tu na usizifukie, zinataka mwanga.

Kopo likae kwenye trei yenye maji sentimita 2 au 3 muda wote. Livida hata maji yakipanda karibu na uso wa udongo haujali, ila ukikauka siku moja tu ya jua kali kwa kawaida hairudi ile hali. Kulisha hakuna. Usiweke nzi, usiweke nyama wala damu ya kuku kama alivyoniuliza jirani yangu, kwenye udongo mbichi kuna minyoo midogo na vidudu visivyoonekana kwa macho vinajileta vyenyewe.

Wa majini, kwenye beseni

Chukua ndoo pana au beseni, kina cha sentimita 15 mpaka 20 kinatosha. Chini tandaza pitimosi iliyolowekwa kama vidole viwili, juu yake weka majani makavu ya matete au ndago, yanaoza polepole na kutia maji asidi kidogo na rangi ya chai, hiyo rangi ndo inayotakiwa usiogope. Jaza maji ya mvua, acha yatulie wiki moja mbili, ndo uweke mmea juu uelee. Hauzikwi.

Adui wa kwanza ni mwani. Maji yakigeuka kijani au nyuzi zikianza kushika mmea, punguza jua, toa nyuzi kwa mkono, badilisha theluthi ya maji kwa ya mvua na ongeza majani makavu. Kinachosaidia zaidi ni kuweka vile vidudu vinavyorukaruka majini, dafnia, vinakula mwani wa kijani na vyenyewe vinaliwa na vifuko. Utavipata kwenye dimbwi lenye maji yaliyokaa, chota kwa chujio la chai. Samaki usiweke, kinyesi chake ni mbolea.

Kuhusu mbu tuambiane ukweli. Vifuko vinakamata viluwiluwi wadogo, wakubwa wanabanwa mkia tu au wanapita, kwahiyo usitegemee mmea kama kinga ya malaria. Beseni la maji nyumbani ni beseni la maji, lifunike kwa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, mwanga unapita na mbu hapiti.

Mahali pa kuweka

Barazani upande wa mashariki, jua la asubuhi masaa manne mpaka sita, afu kivuli chepesi mchana. Dirishani pia sawa kama jua linafika. Nje bila kifuniko sishauri kipindi cha masika kwa sababu mvua za huku zinapasua, tone moja linarusha udongo wote, na mvua ya mawe ikija umekwisha. Kuku pia, kuku akiona udongo mbichi anachakura hadi chini, weka juu.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba kwa Mbeya na Iringa sio tatizo, mmea unapunguza tu mwendo, gibba anaweza kuzama chini akaibuka joto likirudi. Njombe, Makete na Mufindi kwenye sehemu zinazopiga barafu, usiku ingiza ndani, asubuhi toa. Mtu wa Dar ukisoma hii chukua gibba, anavumilia joto lenu.

Vidukari vikishika vijiti vya maua vifute kwa kidole chenye maji au kata kijiti chote, kitaota kingine. Dawa ya kupuliza hapana, sabuni hapana. Kuvu mwamba na nyasi zikianza kupandia ng'oa kwa kibanio cha nyusi zikiwa bado ndogo.

Kuona mtego ukifanya kazi

Hii sehemu watoto wataipenda. Weka uzi mmoja wa gibba kwenye glasi ya maji safi, tia dafnia wachache, tumia simu yenye kamera ya karibu au lenzi ya kubana, kaa kimya. Kidudu kitapotea ghafla na utakikuta ndani ya kifuko kinahangaika. Ukiwa na zile aina kubwa za majini, zinyanyue kutoka kwenye maji usogeze sikio, vifuko vikivuta hewa badala ya maji vinatoa milio midogo ya kupasuka, tk tk tk. Rudisha majini haraka.

Kugawa

Livida ikijaza kopo, na itajaza, kata vipande vya saizi ileile ya kiberiti na upande kwenye makopo mapya, mwaka au miaka miwili badilisha udongo maana pitimosi inaoza na kubana. Gibba unakata tu kwa mkono, kila kipande ni mmea. Kusafirisha kwa basi ni rahisi, wa udongoni weka kwenye kopo lenye mfuniko udongo ukiwa umelowa bila maji ya kuchezacheza, wa majini kwenye chupa iliyojaa nusu ili kuwe na hewa, mwambie konda lisikae karibu na injini. Ukizidiwa na mzigo mpe jirani au kausha juani utupe jalalani, ila usimwage mtoni wala bwawani kwa watu, hasa aina zilizotoka nje ya nchi, gibba akiingia kwenye bwawa la samaki la mtu kumtoa ni kazi ya kiangazi kizima.